Chujio Linalooza: Tulipime kwa Taka au kwa Damu?

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hutumia machujio 156 kwa mwaka, iwapo kila chujio linatumika mara moja na kutupwa. Ndani ya kila moja kuna nyuzi zinazozidi elfu kumi, na kila uzi una tundu katikati lenye upana wa kama sehemu ya tano ya milimita. Damu hupita ndani ya tundu, maji ya kusafishia hupita nje, na uchafu huvuka ukuta wa uzi. Ukuta huo ndio utando. Siku hizi mara nyingi ni wa polisalfoni au polietasalfoni, plastiki zitokanazo na petroli ambazo udongo hauzili. Ndiyo maana maabara kadhaa duniani zinajaribu kutengeneza nyuzi hizo kwa polima zinazooza: asidi ya polilaktiki, inayopatikana kwa kuchachusha wanga wa mahindi au sukari ya miwa, selulosi ya miti na pamba, kitosani ya maganda ya kamba na kaa. Kinachowasumbua watafiti hao kuliko kitu kingine chochote ni namna damu inavyozipokea.

Sauti nne zinazofuata nimezitunga. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazogongana kila jambo hili linapojadiliwa na watu wanaolijua kwa mikono yao. Yupo mkemia wa polima, binti aliyetoka chuo kikuu na sampuli zake mkobani. Yupo fundi wa mashine, muuguzi msimamizi, na mzee ambaye amekuwa akisafishwa damu kwa miaka. Nimewaketisha katika kitengo cha kusafisha damu kwenye mji mmoja wa pwani, mchana, wagonjwa wa zamu ya asubuhi wakiwa wameshashuka mashineni. Nitaingilia nitakapoona hoja inapotea, kwa sababu na mimi nina upande.

MKEMIA: Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Karibu. Haya, tueleze hilo chujio lako. Mimi nikisikia kitu kinaoza, halafu damu yangu ndiyo ipite humo, sipati utulivu.

MKEMIA: Una haki kuuliza. Haliozi ukiwa umeunganishwa nalo. Asidi ya polilaktiki huvunjwa na maji, lakini polepole mno. Kwa saa nne unazokaa mashineni, kwenye joto la nyuzi 37, kinachomeguka ni kidogo sana, na mwisho wake ni asidi ya laktiki, ambayo misuli yako huitengeneza kila siku. Wenzako wanaosafishwa kupitia tumbo huwekewa maji yenye laktati makusudi. Ili utando huu uoze hasa, unahitaji mboji yenye joto la karibu nyuzi 58 na vijidudu vya kutosha.

Na nikwambie jambo jingine, Mzee. Chujio lililookoa maisha mwanzoni kabisa lilikuwa la kuoza. Mwaka 1943, mjini Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff alizungushia ngoma mrija wa selofani, ile iliyotumika kufungia soseji. Damu ikapita ndani ya mrija, ngoma ikawa inazunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 akapona mama mmoja wa miaka 67. Sasa selofani ni nini? Ni selulosi. Ukiifukia, udongo unaila. Kwa hiyo hatuleti kitu kigeni, tunarudi tulikotoka.

MUUGUZI: Na tuliondoka huko kwa nini, mdogo wangu?

MKEMIA: Kwa ajili ya damu, Sista.

MUUGUZI: Basi lisimulie lote, usimwachie Mzee nusu.

MKEMIA: Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Kaplow na Goffinet, walihesabu seli nyeupe za wagonjwa dakika chache baada ya kuunganishwa na mashine. Wakakuta zimeshuka vibaya. Kitu cha ajabu ni kwamba baada ya saa moja hivi zilikuwa zinarudi. Zilikuwa wapi? Mwaka 1977 Craddock na wenzake walionyesha kwamba selulosi ilikuwa ikiwasha komplementi, lile kundi la protini za damu linalolinda mwili dhidi ya wavamizi. Komplementi ikiwaka, seli nyeupe hushikana na kwenda kukwama kwenye mishipa midogo ya mapafu. Mgonjwa anabanwa kifua, anahema kwa shida, na aliyemuunganisha haoni kosa lolote kwenye mashine.

Chanzo ni vikundi vya haidroksili vilivyojaa juu ya selulosi. Protini moja ya komplementi, iitwayo C3, hunasa hapo. Wakemia wakaanza kuvifunika vikundi hivyo kwa asetili, ikapatikana selulosi asetati, kisha triasetati, na damu ikatulia. Sasa sikieni tatizo langu: kadiri unavyofunika vikundi vingi, ndivyo vijidudu vya udongo navyo vinavyoshindwa kuila hiyo selulosi. Kinachoituliza damu ndicho kinachoukwamisha udongo. Mimi na wenzangu tumekaa hapo katikati.

FUNDI: Dada, naomba nikukate kauli. Udongo unaousema ni upi? Mimi ndiye ninayesimamia taka za kitengo hiki. Chujio lililotumika limejaa mabaki ya damu, linaweza kuwa na virusi vya homa ya ini. Haliendi kwenye mboji, halizikwi shambani. Linaingia kwenye mfuko wa taka hatarishi, linakwenda kwenye tanuri, linachomwa. Polisalfoni inachomwa, na polilaktiki yako itachomwa vilevile. Kuoza kwake kutatusaidia nini?

Halafu likate katikati chujio moja ulitazame. Ganda la nje ni polikaboneti au polipropilini. Ncha zote mbili zimeshikwa kwa gundi ya poliurethani. Nyuzi zenyewe ni sehemu ndogo ya uzito. Weka pembeni mirija ya PVC, sindano, glavu, mifuko ya dripu. Kila mgonjwa akiondoka ameacha zaidi ya kilo moja ya taka. Na maji je? Mashine inapitisha nusu lita ya maji ya kusafishia kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, na ili kuzipata hizo mtambo wa kuchuja umemwaga nyingine nyingi. Kama shida yako ni mazingira, anza na maji, njoo kwenye mirija, kisha tuzungumze habari ya utando.

MKEMIA: Mirija ya PVC ikichomwa vibaya inatoa dioksini. Polilaktiki haina klorini.

FUNDI: Polisalfoni nayo haina klorini.

Mkemia hakuwa na jibu la hilo, na mimi sitamtungia. Fundi ana haki. Hoja ya taka, ikisimama peke yake, haitoshi kumbadilishia mgonjwa chujio linalofanya kazi kwa jingine lisilojaribiwa. Makala za kisayansi kuhusu tando zinazooza huanza karibu kila mara na aya ya kuhuzunikia plastiki, kisha zinageuka na kuzungumza habari za damu mpaka mwisho. Naona aya hiyo ya kwanza inawakosea wagonjwa. Inaifanya kazi nzima ionekane ni ya dampo, ilhali thamani yake iko kwingine: anayelazimika kuunda utando upya kuanzia kwenye polima anapata nafasi ya kuuliza upya swali ambalo bado halijapata jibu. Je, damu inaweza kupita saa nne juu ya kitu kigeni bila kutiwa dawa ya kuizuia isigande?

Kwa hiyo nilimwomba Sista aeleze anachokiona yeye, si kinachoandikwa.

MUUGUZI: Nitawaeleza. Damu inakwenda mililita 300 kwa dakika. Kwa saa nne ni lita 72, na mtu mzima ana kama lita tano tu mwilini. Ina maana damu yote ya Mzee hupita kwenye chujio zaidi ya mara 14 kila anapolala hapa. Bila heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, haifiki mbali. Kwanza presha ya upande wa kurudisha damu inaanza kupanda kidogo kidogo. Unatazama chemba ya kukamata hewa, unaona povu jekundu linakuwa zito, halafu ukuta wa chemba unashika utepe mweusi. Unamimina maji ya chumvi kwenye chujio ili uone ndani: nyuzi safi zinageuka nyeupe, zilizoganda zinabaki michirizi myeusi. Ikiwa michirizi ni michache unaendelea kwa tahadhari. Ikiwa robo ya chujio imekuwa nyeusi, unajua dakika zako zinahesabika. Likiziba lote, damu iliyomo kwenye mirija na chujio hairudi kwa mgonjwa, na hiyo inaweza kufika mililita 200. Mgonjwa wa figo hana damu ya kupoteza. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze seli nyekundu, na zake zimenyamaza.

Sasa wapo wagonjwa ambao siwezi kuwapa heparini. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji jana. Mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Aliyepata kiharusi cha kuvuja damu ubongoni. Hao nawasafisha kwa kusukuma maji ya chumvi kila nusu saa hivi, nimesimama pale pale, macho kwenye chemba. Ukiniletea utando ambao ungenifaa kwa hao watu, sitakuuliza unaoza au hauozi.

MZEE: Na mimi nina langu juu ya hiyo heparini. Naombeni nilitoe.

MUUGUZI: Sema, Mzee.

MZEE: Inatoka kwenye utumbo wa nguruwe. Nililijua hilo baada ya muda mrefu, nikasoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Sikumlaumu mtu. Nilikwenda kwa sheikh wangu, akaniambia ni darura: uhai unalindwa, na hakuna dawa nyingine iliyopo mbele yako. Nikatulia. Lakini akaongeza kwamba darura hupimwa kwa kadiri yake. Siku kikipatikana kingine kinachofanya kazi ile ile, darura inaondoka. Kwa hiyo mimi, binti yangu, nasubiri hiyo siku. Wala si mimi peke yangu, pwani yote hii.

Hili halisemwi kwenye mikutano ya wahandisi, na lingepaswa kusemwa. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 katika maabara ya William Howell mjini Baltimore, mwanafunzi wake Jay McLean akiwa anachunguza maini ya mbwa. Leo karibu dunia nzima inaitegemea ile ya nguruwe, na sehemu kubwa ya malighafi yake hutoka China. Mwaka 2008 ilionekana kwamba baadhi ya heparini iliyofika Marekani ilikuwa imechanganywa na kondroitini iliyotiwa salfeti kupita kiasi, kitu cha bei rahisi kinachodanganya vipimo vya kawaida. Dalili za mwanzo ziligunduliwa kwa watoto waliokuwa wakisafishwa damu huko St. Louis, na makumi ya vifo vilihusishwa nayo. Mgonjwa asiye na wasiwasi wowote wa kidini naye ana sababu ya kutaka heparini ipungue.

MKEMIA: Mzee, umenigusa penye kidonda, kwa sababu njia inayosifiwa zaidi kwa utando wa polilaktiki inatumia heparini hiyo hiyo. Nieleze kwanza kwa nini utando mtupu haufai. Polilaktiki haina wingi wa haidroksili kama selulosi, lakini haipendi maji. Tone la maji likidondoka juu yake linasimama, halitandazi. Kitu kisichopenda maji hupendwa na protini. Damu ikigusa tu, protini zinaanza kukalia utando, na hazikai zikatulia. Mtafiti Leo Vroman alionyesha jinsi zinavyopokezana: kama abiria wa daladala, wa kwanza kuingia ni wepesi waliojaa kituoni, albumini, kisha wanakuja wenye nguvu wanaowatoa kwenye viti, na miongoni mwao yumo fibrinojeni. Fibrinojeni ikikaa na kujikunjua, chembe bapa za damu zinaitambua na kuishika. Zikishika zinajifungua, zinaita nyingine, donge linaanza.

Mwaka 2014 watafiti wa Ningbo, China, walichukua utando wa polilaktiki wakaupaka polidopamini, kisha wakabandika heparini juu yake. Polidopamini ni gundi iliyobuniwa kwa kuiga kome, yule anayeng'ang'ania mwamba hata bahari ikichafuka. Ilitangazwa mwaka 2007 na kundi la Messersmith huko Marekani, na uzuri wake ni kwamba hushika karibu kila kitu bila kuhitaji kemikali kali. Heparini iliyobandikwa haielei mwilini, inabaki kwenye ukuta. Chembe bapa chache zikashika, na muda wa damu kuganda ukarefuka.

MZEE: Lakini ni ile ile.

MKEMIA: Ni ile ile, Mzee. Kidogo zaidi, ila ni ile ile.

MUUGUZI: Na mimi nina swali kwenye hiyo. Heparini ya kubandika imeshajaribiwa kwa watu, kwenye utando wa kawaida usiooza. Matokeo ya jaribio la HepZero yalitoka mwaka 2014. Wagonjwa wasioweza kupewa heparini waligawanywa, wengine wakatumia chujio lenye heparini iliyobandikwa, wengine maji ya chumvi kama ninavyofanya mimi. Waliomaliza vizuri kwa chujio lile ni kama 7 kati ya 10, kwa maji ya chumvi ni nusu. Ni nafuu, lakini haikutosha kuthibitisha kwamba njia hiyo inashinda. Watatu katika kumi bado walishindwa. Unajua nadhani ni kwa nini? Kwa sababu damu haigandi kwenye nyuzi peke yake. Inaganda kwenye chemba, pale inapokutana na hewa. Inaganda penye sindano. Inaganda kwenye kofia ya chujio, damu inapojipinda kabla ya kuingia kwenye nyuzi. Utando ukiwa mzuri kupindukia, mrija uliobaki wa zamani utaniangusha.

FUNDI: Hilo ni la kweli kabisa. Chemba ndiyo adui wangu.

MKEMIA: Nimelipokea. Kuna njia nyingine mbili zisizotumia nguruwe, niziseme. Ya kwanza ni kitosani, kutoka kwenye maganda ya kamba. Inaoza vizuri, malighafi yake pwani hii inatupwa. Lakini kitosani tupu inagandisha damu! Ina chaji chanya, na seli nyekundu na chembe bapa zina chaji hasi juu yake, basi vinavutana. Ndiyo hiyo inayotiwa kwenye bandeji za wanajeshi ili kuzuia jeraha lisivuje. Ukiitia salfeti inageuka: inaanza kufanana na heparini kwa umbo na kwa kazi. Kwa hiyo yanaweza kupatikana kutoka kwa kamba yale tunayoyatafuta kwa nguruwe. Tahadhari yangu ni kwamba chaji hasi ikizidi, nayo inaamsha njia nyingine ya kuganda, ile inayoanzia kwenye kigandishi namba 12. Lazima upimwe mstari mwembamba hapo.

Ya pili ndiyo ninayoiamini. Seli nyekundu ya damu inazunguka mwilini siku 120 bila kugandisha chochote. Upande wake wa nje umejaa fosfolipidi zenye kichwa cha fosforilkolini: chaji chanya na hasi zikiwa pamoja, zikifutana. Kichwa hicho hushika maji kwa nguvu, na protini ikifika inakuta maji, haikuti ukuta. Kazuhiko Ishihara na wenzake huko Japani wameifanyia kazi polima yenye kichwa hicho kwa zaidi ya miaka 30. Imeshapakwa juu ya vifaa vinavyowekwa mwilini. Tunachojaribu sisi ni kuishikisha juu ya polilaktiki kwa namna ambayo haitabanduka.

MUUGUZI: Na matundu? Mkipaka rangi juu ya chekecheke, matundu yanaziba.

MKEMIA: Yanapungua, ndiyo. Urea ni ndogo, uzito wa molekuli yake ni daltoni 60, itapita tu. Wasiwasi wangu ni beta-2 mikroglobulini, daltoni 11,800. Hiyo ikibaki mwilini kwa miaka inakwenda kujijenga kwenye viungo na kufinya neva za mkono. Tabaka likiwa nene tunaiacha ndani, na likiwa jembamba mno linaacha mabaka wazi ambayo damu itayaona. Na albumini, daltoni kama 66,000, isipotee. Tunacheza kati ya namba hizo.

MZEE: Sasa umejuaje kwamba linafaa? Umelijaribu kwa damu ya nani?

Nilitaka swali hili liulizwe na yeye.

MKEMIA: Damu ya benki ya damu, Mzee. Ya watu wazima wenye afya. Tunaloweka kipande cha utando kwa saa moja au mbili, tunahesabu chembe bapa zilizoshika kwa darubini ya elektroni, tunapima muda wa kuganda, tunapima seli nyekundu ngapi zimepasuka. Zikipasuka chini ya asilimia 5 tunaandika kwamba utando umefaulu.

MUUGUZI: Kikombe kimetulia mezani.

MKEMIA: Kimetulia mezani, Sista.

MUUGUZI: Mdogo wangu, sikudharau. Lakini damu hiyo imetiwa sitrati ili isigande kwenye mfuko. Sitrati inakamata kalsiamu, na inakamata magnesi. Bila hizo, komplementi haiwezi kuwaka sawasawa. Kwa hiyo ule moto wa mwaka 1977 uliotusimulia, kwenye kikombe chako umeshauzima kabla ya kuanza. Halafu damu ya Mzee si ya mtoaji mwenye afya. Chembe bapa zake ni dhaifu, anaweza kutokwa damu ya fizi wiki nzima. Wakati huo huo fibrinojeni yake mara nyingi iko juu kwa sababu mwili una uvimbe usioisha. Anavuja na anaganda. Na damu yake haikai kikombeni, inakimbia, inajipinda, inakutana na hewa, inarudi tena mara 14.

Nikiulizwa kosa kubwa la utafiti huu liko wapi, nitajibu kwamba liko hapo, kwenye kikombe. Zimechapishwa kurasa nyingi kuhusu tando zinazooza ambazo zimekutana na plazma iliyotiwa sitrati na hazijakutana na mgonjwa hata mmoja. Viwango vya kimataifa vipo, ISO 10993 sehemu ya 4 inadai uchunguzi wa kuganda, chembe bapa, komplementi na seli kwa pamoja, lakini maabara nyingi huchagua vipimo viwili vilivyo rahisi na kutumia neno zuri kwenye hitimisho. Hilo halimsaidii Mzee. Damu ya wagonjwa ipo hapa, na ujuzi wa kusoma chujio lililoganda upo hapa, kwenye macho ya wauguzi kama huyu. Afrika Mashariki tumezoea kungoja boksi lifike bandarini. Kazi hii ya kupima kwa damu halisi haihitaji kiwanda cha mabilioni. Inahitaji pampu ndogo, nyuzi chache, kamati ya maadili inayofanya kazi kwa wakati, na mkemia anayekubali kuketi na muuguzi.

FUNDI: Umetaja bandari, nami nimekumbuka langu. Dada, hiyo polilaktiki inalainika kwenye joto gani?

MKEMIA: Nyuzi 55 hadi 60.

FUNDI: Kontena likikaa kwenye jua, bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, joto la ndani linaweza kukaribia hapo hapo. Nyuzi zako zitajikunja kabla hazijafika kwangu. Na unyevu wa pwani je? Umesema maji ndiyo yanayoivunja. Boksi linakaa stoo miezi sita. Uzi ukipungua nguvu unapasuka katikati ya kazi, damu inamwagika kwenye maji ya kusafishia, kengele inalia. Na vijidudu vyake mnaviuaje? Mvuke wa nyuzi 121 utaliharibu umbo.

MKEMIA: Mvuke hauwezekani. Mionzi ya gama inakata minyororo ya polima, ukizidisha. Gesi ya ethilini oksidi inawezekana.

MUUGUZI: Ethilini oksidi hapana. Wagonjwa waliopata mzio mkali dakika za mwanzo kwa sababu ya mabaki ya gesi ile wameandikwa vya kutosha.

FUNDI: Na mabaki si mchezo. Mwaka 2001 zaidi ya wagonjwa 50 walikufa katika nchi kadhaa, Croatia na Hispania zikiwemo, kwa sababu ya kimiminika kilichotumika kiwandani kupima kama chujio linavuja, kikabaki ndani ya nyuzi. Utando haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kilichobaki juu yake. Sasa wewe unapaka tabaka moja, mbili, tatu. Kila tabaka lina kiyeyushio chake, lina kichochezi chake. Nani atanithibitishia kwamba vyote vimetoka?

MKEMIA: Mionzi basi, kwa dozi ya chini, nyuzi zikiwa zimekaushwa na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Na upimaji wa mabaki kwa kila kundi linalotoka. Kaka, hayo ya kontena sikuwa nimeyaweka kwenye mpango. Nitaziweka nyuzi kwenye joto la 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, halafu siku chache kwenye 60, ndipo nizijaribu kwa damu. Zisijaribiwe zikiwa mpya tu.

FUNDI: Hapo tunaelewana.

MUUGUZI: Na mirija?

MKEMIA: Mirija na chemba nitaipaka polima ile ile ya fosforilkolini. Nikipaka utando peke yake nitakuwa nimekuletea nusu.

MZEE: Damu chukueni kwangu.

MUUGUZI: Mzee, wingi wa damu yako, yaani hemoglobini, haufiki hata gramu 9 kwa desilita. Hakuna atakayekutoa damu kwa ajili ya majaribio mpaka kamati ya maadili ipitishe, na ikipitisha ni mililita chache, nazo zichukuliwe kwenye mrija siku unaposafishwa, kabla sijatia heparini. Usichomwe sindano ya ziada.

MZEE: Sawa, Sista. Ila kwenye hiyo karatasi ya kutia sahihi, kabla sijaweka kidole, nataka pawe na mstari unaotaja kila kilichopakwa kwenye huo utando kimetoka kwa mnyama gani, mmea gani, au kiwanda gani. Uandikwe kwa Kiswahili. Niusome mwenyewe.

MKEMIA: Utaandikwa. Na ule wa heparini wa Ningbo tutaujaribu pia kwa kulinganisha, lakini kwa damu ya watakaoukubali. Wewe utapewa wa fosforilkolini peke yake.

MUUGUZI: Andika na hili: anayesoma michirizi kwenye chujio asiambiwe ni utando upi.